Mwadui: Ndani na Nje ya Uzio

Msafiri aifuataye barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, akiisha kuuacha mji nyuma yake na kuingia katika tambarare ile pana ya Usukuma, ambamo jicho halizuiliwi na kitu ila mbuyu mmoja mmoja na majabali yaliyopandana kana kwamba yalipangwa na mkono wa mtu, hufika mahali paitwapo Maganzo, na hapo, akigeuza uso kuelekea mashariki, huviona vilima vya rangi ya kijivu ambavyo havifanani na kilima chochote alichokwisha kukipita. Migongo yake imenyooka kama meza, mbavu zake zimechanwa na mvua, na miti iliyoota juu yake ni michache, tena dhaifu. Mzee aliyezaliwa katika nchi ile mwaka 1935 hakuvikuta vilima hivyo. Alipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, mahali pale palikuwa mbuga na vichaka. Vilima hivyo ni mchanga uliotolewa katika shimo moja, ukapondwa, ukaoshwa, ukachekechwa, na mwishowe ukatupwa, kwa sababu kilichokuwa kikitafutwa ndani yake kilikuwa kidogo mno.

Udogo huo wataka kupimwa, maana pasipo kuupima mtu hawezi kuufahamu mgodi wa Mwadui wala watu wake. Tangu mwaka 1940 mgodi huu umetoa almasi zaidi ya karati milioni 19. Nambari hiyo huvuma masikioni kama ngurumo. Walakini karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, na mwenye kuifanya hesabu hiyo taratibu ataona kwamba almasi zote zilizopata kutoka Mwadui, kubwa kwa ndogo, za kuvaliwa na malkia na za kukerezea vyuma viwandani, zikikusanywa pamoja uzito wake ni kama tani nne, yaani shehena ya lori moja, tena si lori kubwa. Katika miaka hii ya karibuni, tani mia moja za mchanga hutoa karati sita hivi, ambazo ni gramu moja na kidogo. Mtu aweza kuzishika kati ya vidole viwili asihisi uzito wowote. Kila kilichosalia katika tani hizo mia huwa kilima, ama huwa tope.

Kuna na kitu cha tatu kilichosalia, ambacho hakipimwi kwa tani wala kwa karati, nacho ni mstari. Mstari huo ulichorwa kwa nguzo na seng'enge kuizunguka milki ya mgodi, na tangu siku ulipochorwa, watu wa upande huu na watu wa upande ule wakawa na majina mbalimbali, na matumaini mbalimbali, na hata khofu zao zikawa mbalimbali. Wengi wamekwisha kuandika juu ya shimo la Mwadui na utajiri wake. Mimi nataka kuandika juu ya uzio wake, kwa kuwa naamini ndio ulioiumba jamii ile kuliko almasi yenyewe.

Wataalamu wa miamba hutwambia ya kuwa almasi huzaliwa chini sana, kilomita zaidi ya 150 ndani ya ardhi, mahali penye joto na shinikizo lisilokadirika, na kwamba haipandi juu ila ikichukuliwa na mripuko wa volkano ya namna ya pekee, inayopasua njia yake kutoka chini kama mrija na kuacha katika mrija huo jiwe liitwalo kimbalaiti. Mrija wa Mwadui ulipasuka yapata miaka milioni 50 iliyopita, na huo kwa hesabu ya miamba ni ujana. Ndiyo maana kinywa chake hakikuliwa na mvua na upepo kama vinywa vya wenzake wa Afrika ya Kusini, bali kimebaki kipana, hekta 146, na katika mirija yote duniani iliyopata kuchimbwa kwa faida hakuna uliouzidi kwa upana. Basi Mwadui haukuchimbwa kwa kuteremka kisimani kama Kimberley, bali kwa kuparua. Shimo lake ni sahani zaidi kuliko kisima, na sahani pana hula ardhi nyingi.

Isidhaniwe ya kwamba ardhi hiyo kabla ya mgodi ilikuwa ikilala katika hali iliyoumbwa nayo. Nchi ya Shinyanga ilikuwa imekwisha kubadilishwa sura. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa ajili ya kupiga vita mbung'o, misitu mingi ya miombo na miiba ilifyekwa na maelfu ya Wasukuma waliotolewa na watemi wao, chini ya maongozi ya Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake huko huko Shinyanga. Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa, na reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ikawa inayapitisha mazao ya nchi ile kwenda pwani. Msukuma wa zama hizo alikuwa na mizani yake ya heshima: ng'ombe, watoto, shamba lililopaliliwa, na jina katika chama cha ngoma. Jiwe halikuwamo katika mizani hiyo.

Aliyelitia jiwe ndani yake alikuwa Mkanada, John Thorburn Williamson, aliyezaliwa katika jimbo la Quebec mwaka 1907 na kusomea elimu ya miamba katika chuo kikuu cha McGill hata akapata udaktari. Alifika Tanganyika katika miaka ya 1930 kwa kazi ya kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi, na kampuni ile ilipokata tamaa yeye hakukata. Akaendelea kutafuta kwa fedha za kukopa, huku akiandamwa na malaria na madeni, mpaka mwaka 1940 alipoupata mrija wa Mwadui, kwa masimulizi yanayopendwa sana, chini ya mbuyu. Mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kwa mali na kwa sheria, na mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds ikasimama. Habari ya ukaidi wake mbele ya De Beers, iliyotaka almasi zote za dunia zipite katika mlango wake, ni ndefu na imekwisha kusimuliwa sana. Nililo na haja nalo ni hili: kwamba mtu huyu mpweke, asiyeoa, asiyependa kupigwa picha, alipofariki kwa saratani ya koo Januari 1958, akiwa na umri wa miaka hamsini tu, aliacha nyuma yake mji mzima, na mji huo ulikuwa ndani ya uzio.

Uzio haukubuniwa naye. Ni mirathi ya Kimberley, ambako tangu miaka ya 1880 wachimbaji Waafrika walikuwa wakifungiwa katika makambi kwa muda wote wa mikataba yao, ili jiwe lisije likatoka tumboni au kuchani mwa mtu. Almasi ina aibu hii ambayo dhahabu haina kwa kiasi hicho: mali ya maisha mazima ya mkulima yaweza kufichwa chini ya ulimi. Mahali popote ilipochimbwa, mwenye mgodi humtazama mfanyakazi kwanza kama mwizi anayengojewa kuiba, kisha ndipo kama mtu. Na dhana hiyo, ikiisha kuwekewa nguzo, na malango, na upekuzi wa kuingia na kutoka, huacha kuwa dhana ikawa desturi ya nchi.

Ndani ya uzio wa Mwadui mlijengwa mambo ambayo sehemu kubwa ya Tanganyika ya miaka ya 1950 haikuwa nayo. Mlikuwa na hospitali, na shule, na maduka, na umeme wa mgodi wenyewe, na maji ya bomba yaliyovutwa kutoka mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya kuoshea mchanga, na uwanja wa ndege, na klabu, na viwanja vya michezo, na barabara zenye miti ya kivuli iliyopandwa kwa mistari. Mlikuwa pia na ubaguzi wa zama hizo, kila rangi na mtaa wake, Mzungu mahali pake, Mhindi mahali pake, Mwafrika mahali pake, na ukubwa wa nyumba ukifuata mpangilio huo. Hayo yote ni kweli kwa pamoja, na mwandishi mwenye kutaja bustani pasipo kutaja mitaa, au mitaa pasipo bustani, huwa hajaieleza Mwadui.

Na watu waliokaa humo wakawa kabila jipya. Mfanyakazi alitoka Usukuma, na Unyamwezi, na Kigoma, na Bukoba, na kusini, na hata nje ya mipaka ya nchi. Mtoto wake akazaliwa katika hospitali ya mgodi, akasoma katika shule ya mgodi, akacheza mpira katika uwanja wa mgodi, akasema Kiswahili na jirani yake kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, na king'ora cha zamu ndicho kilichompa saa zake kama vile adhana na kengele zinavyowapa watu wa miji mingine. Ukimuuliza kwao, hakutaja kijiji cha baba yake, alisema Mwadui. Hili si jambo dogo. Mji ambao watu wake hukubali kuitwa kwa jina lake pasipo kulazimishwa ni mji wa kweli, hata kama nyumba zake zote ni za kampuni na hakuna mkazi mwenye hati ya chumba alalacho. Timu ya mgodi ilipopanda daraja na kuingia Ligi Kuu mwaka 2015, jina la Mwadui likatangazwa redioni kila wiki nchi nzima, na waliokwisha kutawanyika Dar es Salaam na kwingineko walilisikia kama mtu asikiavyo jina la mama yake. Timu ikashuka mwaka 2021. Jina halikushuka.

Lakini kabila hili la ndani lina msiba wake. Kila kitu chake ni cha kuazimwa. Mtumishi akistaafu, au akiachishwa, au akifa, nyumba hurudi kwa mwenyewe, na jamaa zake huvuka lango kwa mara ya mwisho wakiwa na vyombo vyao juu ya gari, wakaenda kuanza maisha katika kijiji ambacho huenda watoto hawajapata kukilala. Mgodi uliposimama mwaka 2020, kwa bei ya almasi iliyoanguka katika ulimwengu ulioshikwa na maradhi, hata ulipofunguliwa tena mwaka 2021, watu walionja kwa muda yatakayokuwa siku mrija utakapokwisha. Uzio uliowahifadhi na shida za nje haukuwapa haki yoyote ya kubaki ndani.

Sasa na tutoke langoni. Nje kuna vijiji vya Mwadui-Lohumbo, na Songwa, na Nyenze, na vinginevyo katika wilaya ya Kishapu, na kuna Maganzo yenyewe, mji mdogo uliokua kando ya barabara kwa sababu mbili ambazo hazitengani: lori lipitalo na jiwe lipitalo. Watu wa huku ni wakulima na wafugaji, na mvua yao ni haba, na mbuga zao nyeusi hupasuka wakati wa kiangazi hata mtoto aweza kutia mguu ndani ya ufa. Wakitazama ng'ambo ya seng'enge wanaona taa usiku. Tena wanafahamu, kama kila mtu wa huko anavyofahamu, kwamba mchanga uliotupwa zamani na mashine za zamani bado una almasi ndogondogo ndani yake, na kwamba kijana mwenye chekeche, ndoo ya maji na moyo mgumu aweza kuipata kwa usiku mmoja.

Ndipo lilipotokea jina la wabeshi. Mbeshi ni yule avukaye uzio usiku kwenda kuchukua mchanga, aghalabu pamoja na wenzake wengi, wenye magunia na machepe, wakijua ya kuwa mbele yao wako walinzi wenye mbwa na bunduki. Sheria haina shaka juu yake, kwani kuingia ni kosa, na kuwa na almasi isiyokatwa bila ya leseni ni kosa jingine. Nami sitaki kumpamba mtu kwa wizi wake. Walakini ukikaa Maganzo utaona kuwa neno hilo halisemwi kwa aibu kama lisemwavyo neno mwizi. Mwizi ni yule avunjaye nyumba ya jirani, akachukua ng'ombe wake au mavuno yake, na huyo Wasukuma hawana huruma naye. Mbeshi huchukua mchanga uliotupwa, katika ardhi ambayo babu yake aliichunga. Watu wa nje ya uzio wametofautisha makosa hayo mawili kwa lugha, na lugha haitofautishi mambo pasipo sababu. Huu nao ni utambulisho ulioletwa na mgodi, kama vile wa yule mtoto wa king'ora. Uzio mmoja umezaa watoto wawili, mmoja ukampa shule, mwingine ukampa giza la kupita.

Yaliyotendeka gizani yalijulikana baadaye ulimwenguni. Wanakijiji walifungua madai mjini London, wakisema ya kwamba walinzi wa mgodi na polisi waliwapiga watu, wakawafyatulia risasi, wakawafungia, na kwamba wengine walipoteza maisha. Mei 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi tangu mwaka 2009, ilitangaza suluhu na wadai 71 kwa jumla ya pauni milioni 4.3, pasipo kukiri kuwa na dhima, na ikaahidi kuweka njia ya kusikiliza malalamiko mengine. Insafu yataka isemwe kwamba kulipa ni bora kuliko kukana. Yataka vilevile iulizwe kwa nini mtu wa Kishapu, apigwaye risasi Kishapu, haki yake ilimbidi aifuate Uingereza.

Uingereza ndiko lilikokwenda pia jiwe mashuhuri kupita yote yaliyotoka Mwadui, almasi ya rangi ya waridi iliyookotwa mwaka 1947, yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, ikatiwa mwaka 1953 katika kipini cha umbo la ua, na dunia imeiona mara nyingi kifuani mwa Malkia. Sina kinyongo na zawadi ya harusi. Naona tu kwamba mtoto wa Maganzo akiuliza jiwe la kwao linafanana vipi, hana pa kwenda kulitazama.

Wenye mgodi wamebadilika mara nyingi. Baada ya kifo cha Williamson, mwaka huo huo wa 1958, De Beers na Serikali ya Tanganyika waligawana nusu kwa nusu. Katikati ya miaka ya 1960, katika nchi iliyokwisha kuwa huru, mgodi ukakaribia kutoa karati milioni moja kwa mwaka na ukawa tegemeo kubwa la fedha za kigeni. Miaka ya 1970 Serikali ikautwaa. Mwaka 1994 De Beers wakarudi na asilimia 75. Mwaka 2009 wakaingia Petra. Mkoloni aliondoka, Azimio la Arusha likaja, soko huria likaja. Bendera zilibadilishwa juu ya nyumba ya mkuu wa mgodi, na mitaa ya rangi ikawa mitaa ya vyeo. Uzio ulibaki pale pale. Serikali iliyouchukua mgodi kwa niaba ya wananchi haikuona haja ya kuwaondolea wananchi hao seng'enge usoni, na hilo kwa maoni yangu ndilo kosa letu wenyewe, ambalo hatuwezi kumsingizia Mkanada wala Mwingereza.

Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope ulipasuka. Bwawa hilo lilikuwa likihifadhi mchanga laini uliokwisha kuoshwa, uliochanganyika na maji, na kama ilivyo desturi ya mabwawa ya namna hiyo duniani kote, lilikuwa likiinuliwa tabaka juu ya tabaka kadiri mgodi ulivyozidi kuosha. Tope likatoka kama mto, likashuka mbondeni, likafunika mashamba, malisho, visima na nyumba za watu wa Ng'wang'holo na Nyenze, hata nchi ikawa bapa, ya rangi moja, yenye paa za bati zikichungulia. Kwa rehema za Mola haikutangazwa maiti. Lakini mkulima wa Kisukuma, ambaye ardhi yake ndiyo akiba yake, na kaburi la baba yake, na mahari ya mwanawe, alisimama ukingoni akitazama shamba ambalo halikuwa tena na mpaka, wala mti wa kulitambulia. Kwa miaka themanini uzio uliwazuia watu kuingia. Siku hiyo haukuwazuilia tope kutoka.

Nimelifikiri jambo hilo sana, na kila nilifikiripo huikumbuka ngitili. Wasukuma wana desturi ya kale ya kutenga sehemu ya malisho, wakaifungia ng'ombe wakati wote wa masika, nyasi zikakua na miti ikachipua, kisha kiangazi kikipamba moto wakaifungua, kwanza kwa ndama na wanyama dhaifu. Ngitili haina seng'enge. Mpaka wake ni makubaliano ya watu, yanayolindwa na vijana wa kijiji na kutiwa nguvu na faini za wazee, na kila aliyezuiwa anajua sababu ya kuzuiwa kwake na anajua siku atakayofunguliwa. Desturi hii ilidhoofika kwa ufyekaji wa misitu, kwa wingi wa mifugo na kwa kuhamishwa watu katika vijiji vya ujamaa, hata Mwalimu Nyerere akaiona Shinyanga ikielekea kuwa jangwa; ndipo mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao kwa ufupi HASHI, ukaanza kuifufua. Mwanzoni wataalamu walitaka kugawa miche. Wanakijiji walitaka ngitili zao. Wataalamu, kwa hikima yao, walikubali kufundishwa, na baada ya miaka kama ishirini hekta zaidi ya 300,000 mkoani humo zilikuwa zimerudi kuwa malisho na vichaka, na kuni zikapatikana karibu, na ndege waliokuwa wamehama wakarejea.

Basi nchi hiyo hiyo moja imeona namna mbili za kuzungushia ardhi mpaka. Mmoja umewekwa na mgeni, ukahifadhi kitu kilichoondoka, na kwa muda wa miaka themanini haujapata kufunguliwa. Mwingine umewekwa na wenyeji, unahifadhi kitu kinachobaki, na hufunguliwa kila mwaka. Hatukuwa na uhaba wa maarifa ya kutunza mali adimu. Tulikuwa nayo kabla ya Williamson kuzaliwa, ila hatukuyahesabu kuwa maarifa. Hata juzijuzi, tulipotaka kuihifadhi tanzanaiti yetu ya Mererani isiendelee kutoroshwa, fikra ya kwanza iliyotujia ilikuwa ukuta, nao ukajengwa na jeshi, kilomita 24.5, ukafunguliwa Aprili 2018. Sisemi ukuta ule hauna faida; mapato ya Serikali yameongezeka, na haki ya kodi ni haki. Nasema tu kuwa wenye kuujenga wangefika kwanza Mwadui, wakauliza ukuta huwafanyia nini watu wa pande zake mbili baada ya vizazi vitatu.

Almasi ya Mwadui haijakwisha, na wajuao husema mrija bado una miaka mingi. Hiyo ndiyo sababu maneno haya yafaa kusemwa sasa, wakati mgodi ungali na fedha, wala yasingojewe mpaka mashine zitakapouzwa kwa chuma chakavu. Sheria ya nchi huutaka mgodi mkubwa uwe na mpango wa kufungwa kwake tangu ungali hai, na dhamana ya kuutekeleza. Mpango huo usibaki makabatini kwa lugha ya wahandisi. Usomwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma katika mikutano ya Maganzo, Songwa, Nyenze na Mwadui-Lohumbo, na yaulizwe humo yale wanayotaka kuyajua wenyewe: nani atakayemiliki hospitali na shule, nyumba zitauzwa kwa nani, na kwa bei ambayo mstaafu wa mgodi aweza kuimudu au kwa bei ya mgeni, vilima vitapandwa miti gani na nani atakayeichunga, mabwawa ya tope yatakaguliwa na nani wakati hakutakuwa na kampuni ya kuandikiwa barua, na mchanga wa zamani, ambao kila mtu anajua kuwa una almasi, je, kijana wa kijiji ataruhusiwa kuuchekecha mchana, kwa leseni na kwa kodi, ili asiitwe mbeshi tena? Na katika mkutano huo huo itajwe, kama wanavyoitaja wazee wa ngitili kabla ya kufunga malisho, siku ambayo uzio wa Mwadui utafunguliwa.